Kuanzisha mafunzo ya uhifadhi wa majengo ya kale Bagamoyo: tuanzie wapi?

Mwambao_Dunda

Wakuu, habari za kazi.

Tunaandaa programu ya mafunzo ya uhifadhi wa majengo ya kale hapa Bagamoyo. Walengwa ni vijana 24 kwa mwaka, wengi wao waashi na maseremala ambao tayari wana kazi mtaani, pamoja na maofisa wachache wa halmashauri watakaoshughulika na vibali na ukaguzi. Rasimu ya mtaala iliyopo mezani ni ya wiki 6. Wiki 3 ni za darasani: historia ya mji, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, mikataba ya UNESCO ya 1972 (urithi wa dunia) na 2003 (urithi usioshikika), kanuni za uhifadhi. Wiki 3 zilizobaki ni vitendo. Mfadhili ameipenda kwa sababu ni fupi na mwisho wake kuna vyeti.

Wasiwasi wetu uko kwenye kazi yenyewe. Nyumba za kale za hapa ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, lakini mafundi tulio nao wamefundishwa tofali na saruji. Kuta zilizokarabatiwa miaka ya karibuni zimepigwa lipu ya saruji, na sasa zinavimba, zinatoa unga mweupe na kubanduka kwa mapande. Hatutaki kutoa vyeti kwa watu watakaorudia hayo hayo.

Tunauliza: wiki 6 zinatosha? Mafunzo yawe chuoni au kwenye jengo? Afundishe nani, na cheti kitambuliwe vipi? Mwenye vipimo halisi tunaomba aviweke, tuvitie kwenye rasimu.

Tanuri_na_Mwiko

Mkuu, wiki 6 hazitoshi, na anayekataa ni chokaa yenyewe. Piga hesabu. Chokaa ya tanuri ikizimwa (ikitiwa maji) leo inatakiwa ilale shimoni au kwenye mapipa, imefunikwa na maji, si chini ya mwezi mmoja. Miezi 3 ni bora zaidi. Huko ndiko punje zilizochelewa kuzimika zinamalizikia. Ukiwahi kuitumia, zitazimikia ukutani: zinavimba, zinarusha vipande vya lipu, na ukuta unabaki na vishimo vidogo vya mviringo kila mahali. Kisha kila tabaka la lipu la milimita 10 linataka siku 7 hadi 10 kabla halijapokea jingine. Matabaka 3 na kupaka chokaa juu yake, mwezi umepita. Mwanafunzi wa wiki 3 za vitendo anaondoka kabla kosa lake halijajitokeza, na kosa la chokaa halionekani siku ya kwanza.

Fanyeni miezi 6, siku 4 za wiki kwenye kazi na siku 1 ya darasa. Mwezi wa kwanza wasiguse jengo kabisa, wajue mali wanayoishika.

Mchanga kwanza. Wa ufukweni usiingie, chumvi yake itarudi kuitafuna lipu. Mchanga wa mto au wa shamba utiwe nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha hadi kesho yake. Udongo laini utatulia juu kama utando. Ukizidi sehemu 1 kwa 15 ya kina cha mchanga, uoshwe, la sivyo lipu itapasuka ikinywea. Halafu kila mwanafunzi apime nafasi kati ya punje kwa mkono wake: jaza chombo cha lita 1 kwa mchanga mkavu uliochekechwa, mimina maji taratibu kutoka kwenye kikombe chenye alama mpaka yafike usawa wa mchanga. Yakiingia mililita 330 hivi, nafasi ni theluthi moja, basi kipimo ni rojo la chokaa (chokaa iliyozimwa na kulazwa) 1 kwa mchanga 3. Yakiingia mililita 400, ni 1 kwa 2 na nusu. Fundi aliyefanya jaribio hili mara moja hauulizi mtaala kipimo tena, anauliza mchanga.

Chokaa ya mfuko wa dukani nayo ipimwe kabla ya kulipiwa. Kamulia limau kwenye kijiko cha unga wake. Ukitoa povu jingi, sehemu kubwa imesharudi kuwa jiwe humo humo mfukoni na haitashika kitu.

Kuzima chokaa kuwe somo la usalama kamili. Maji yatangulie kwenye pipa la chuma, chokaa ifuate kidogo kidogo huku ikikorogwa kwa mti mrefu. Ukimwaga maji machache juu ya lundo la chokaa, yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Miwani ya kuziba pembeni, glavu, viatu vya mpira, na ndoo ya maji safi ya kuoshea macho iwe hatua mbili kutoka kwa mzimaji. Pipa la plastiki halifai, joto linaliyeyusha.

Mwezi wa pili jengeni ukuta wa mazoezi wa mawe ya matumbawe. Kila mmoja apige vipande vitatu vya mita 1 ya mraba: cha kwanza chokaa tupu, ukuta ukilowanishwa kabla na lipu ikafunikwa kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7, cha pili mchanganyiko huo huo ukiachwa wazi juani, cha tatu saruji 1 kwa mchanga 4. Baada ya wiki 4 wavunje kona ya kila kipande na kupulizia fenolfthaleini (dawa ya maabara inayobadilika rangi) kwenye mvunjiko wa vile viwili vya chokaa. Palipogeuka rangi ya waridi chokaa haijashika bado, palipobaki bila rangi imeshashika. Cha juani kitakuwa kimekauka kabla ya kushika: ukikisugua kwa kidole kinamomonyoka kama unga, na ndani bado ni waridi. Cha saruji wakibandue kwa patasi. Kitatoka na uso wa jiwe, na hapo hoja ya saruji imekwisha bila hotuba.

Sababu waielewe vizuri, kwa kuwa mwenye nyumba atawauliza. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, unautoa kupitia lipu. Saruji inauziba. Maji yanatafuta njia, yanapanda juu zaidi na kuingia kwenye ncha za boriti, na chumvi inaganda nyuma ya lipu hadi inaisukuma nje. Wale wanaotia saruji kidogo kwenye chokaa ili ikaze haraka wanapata ubaya wa zote mbili, lipu isiyo na nguvu ya saruji wala pumzi ya chokaa.

Mkunazini_Juu

Assalaam alaykum. Shekhe hapo juu kamaliza ya chokaa, mimi naongeza ya jengo na ya usimamizi, maana rasimu yenu inawaweka maofisa darasani na mafundi kazini. Hapo ndipo mafunzo mengi yanapovunjikia.

Mafunzo yawe kwenye jengo halisi. Programu ya AFRICA 2009, iliyoendeshwa kuanzia 1998 hadi 2009 na ICCROM (kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa mali za utamaduni), Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO na CRAterre (kituo cha Ufaransa cha ujenzi wa udongo), ilikuwa na kozi za miezi kama 3 zikipokezana kati ya Porto-Novo kwa Kifaransa na Mombasa kwa Kiingereza, lakini pembeni yake kulikuwa na miradi ya papo kwa papo kwenye maeneo yenyewe. Kozi peke yake ingetoa watu wa kuzungumza. Hapa Unguja, taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati jumba la Zahanati ya Kale pale Malindi katika miaka ya 1990, kazi ile ile ilikuwa darasa la mafundi wa lipu na wa nakshi za mbao.

Jengo la kufundishia lichaguliwe kwa makini. Lisiwe zuri kuliko yote mjini na lisiwe linalokaribia kuanguka. Litafuteni lenye vyumba vinne au vitano, kuta zilizosimama wima, dari moja mbovu na nyengine nzima, lipu ya saruji ya kubandua, paa linalovuja mahala pamoja. Kabla ya yote pateni idhini ya maandishi. Nyumba za pwani nyingi ni za warithi kumi au za wakfu, na mmoja wa warithi akirudi kutoka Maskati au Dar na kukataa, kazi inasimama katikati na boriti zimeshatolewa. Mkataba useme nani analipia mali, nani anamiliki kilichotolewa (milango ya nakshi hasa), na nyumba itatumika vipi miaka 5 baadaye.

Somo la kutegemeza (kushikilia dari na kuta kwa nguzo za muda) lisiruhusiwe kurukwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya hapa Mji Mkongwe, jengo la 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea na watu wawili wakafariki. Kila atakayesimamia kazi ya jengo la kale aingie kazini akijua kwamba jengo liko katika hatari kubwa zaidi pale linapofunguliwa. Kwenye dari ya boriti utaratibu ni huu: punguza uzito wa juu kwanza, maana sakafu ya mawe na chokaa ni nzito sana, weka nguzo za muda na mhimili pande zote mbili za chumba, futi moja au mbili kutoka ukutani, zikikanyaga juu ya mbao na si juu ya sakafu tupu, kama kuna ghorofa chini, nguzo zishuke hadi ardhini. Kisha badilisha boriti moja moja. Usitoe tatu kwa pamoja kwa sababu fundi ana haraka. Ncha mpya iache nafasi ya hewa kidogo ndani ya ukuta, izungushiwe chokaa, isizibwe kwa saruji, kwa sababu kuoza na mchwa huanzia hapo hapo nchani. Na boriti za mikoko zinataka kibali cha misitu, basi kibali kiombwe miezi kabla. Vyumba vyetu vina upana wa mita 2 na nusu hadi 3 kwa sababu ya urefu wa boriti, hivyo mwanafunzi ajifunze kupima chumba kabla ya kuagiza. Boriti iliyokuja fupi kwa kiganja kimoja ni kuni.

Maofisa sasa. Wiki yao ya kwanza wapewe tepu ya mita 30, timazi, ubao wa karatasi na kamera, wachore nyumba nzima kwa kipimo cha 1 kwa 50, chumba baada ya chumba. Kila ufa waandike upana wake, unaanzia wapi, na kama una vumbi la zamani ndani au ni mpya. Ufa wa kutilia shaka ubandikwe kipande chembamba cha plasta ya jasi chenye tarehe, kikipasuka ukuta bado unatembea. Picha zipigwe kutoka sehemu zile zile kabla, wakati na baada ya kazi. Faili hilo ndilo litakalotumika kutoa kibali, kukagua na kuandika mpango wa usimamizi. Ofisa asiyejua kutofautisha lipu ya chokaa na ya saruji kwa kugonga na kukwaruza hawezi kukagua, hata awe ameihifadhi sheria yote.

Mikataba ya UNESCO msiitoe, ila ipewe siku 2, na ifundishwe kwa mfano. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameandikwa Urithi wa Dunia tangu 1981, yakaingizwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Wapeni kazi ya kueleza nini kilikuwa kinayaharibu na kipi kilifanywa: bahari kumega ufukwe, mimea kwenye kuta, kuta kukosa mtu wa kuzitunza. Watauelewa mkataba.

Mwambao_Dunda

Ahsanteni sana, hii imebadilisha rasimu nzima. Mawili yamebaki. Mfadhili atauliza kwa nini 24 wasisomeshwe kwa mkupuo mmoja, na tunahitaji makadirio ya chokaa na mchanga ili tuandike bajeti. Halafu suala la walimu na vyeti. Kuna wazee wanaojua kazi hii, lakini hawana cheti chochote na chuo kinasema hakiwezi kuwalipa kama wakufunzi.

Mtahini_wa_Ufundi

Mkuu, la wazee lina njia, na lifanyweni mwanzo, kabla mtaala haujapitishwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania Bara, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anatahiniwa kwa mahojiano na kwa kazi ya mkono mbele ya mtahini, akifaulu anapewa cheti cha ngazi anayostahili. Kwa Zanzibar mlango ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na Kenya ni majaribio ya daraja ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda. Ugumu ni kwamba mtihani wa uashi uliozoeleka unapima ukuta wa tofali na lipu ya saruji. Mzee wa chokaa akipewa mtihani huo atashindwa kwenye jambo ambalo si kazi yake. Kwa hiyo kaeni na chuo mwandike vigezo vya umahiri vya uashi wa chokaa na mawe: kuzima na kuchuja chokaa, kupima mchanga, kuunga mawe, lipu ya matabaka 3, kubandua saruji bila kuumiza jiwe, kutegemeza dari. Kila kigezo kiwe na kipimo kinachoonekana. Mfano: lipu ya mita 2 za mraba, isiyopinda zaidi ya milimita 5 chini ya rula ya mita 2 (kuta za matumbawe hazijanyooka kama za tofali, msidai milimita 2), isiyotoa sauti ya uwazi ikigongwa baada ya siku 28, isiyomomonyoka kwa kidole.

Mzee afundishe na mkufunzi wa chuo wakiwa wawili wawili. Mkufunzi anabeba mpango wa somo, mahudhurio na tathmini. Mzee anabeba mkono. Malipo yake yaandikwe kwenye bajeti kama mtaalamu, kwa siku, sawa na mkufunzi. Mkimwandika kibarua, vijana nao watamchukulia kibarua, na baada ya miezi miwili hatakuja.

Kuhusu 24: mzee mmoja kwa wanafunzi 6, asizidishiwe. Kwenye kuzima chokaa na kwenye dari ni usalama, na kwenye lipu ni kwamba mwalimu lazima aone mwiko wa kila mtu wakati tabaka bado bichi. Awamu mbili za 12, wazee 2 kila awamu. Shimo la chokaa la awamu ya pili lijazwe na wanafunzi wa awamu ya kwanza, hapo ile miezi 3 ya kulaza chokaa haimcheleweshi mtu.

Langoni_Lamu

Naunga mkono yote, lakini mnapanga kutoa mafundi bila kutengeneza kazi yao. Soko lisipoandaliwa, kijana aliyehitimu chokaa atarudi kwenye saruji mwezi unaofuata, kwani ndiyo inayolipa haraka.

Soko hilo linatengenezwa kwenye karatasi za zabuni. Katika kila mradi wa umma unaogusa jengo la kale, jedwali la vipimo na gharama liwe na mstari wa chokaa unaojitegemea: rojo lililolazwa si chini ya siku 30, kipimo kwa ujazo, matabaka 3 na unene wa kila moja, siku za kulowanisha, na marufuku ya saruji. Uwe na bei yake kwa mita ya mraba na muda wake kwenye ratiba. Mkandarasi akipewa wiki 2 kwa plasta inayohitaji 6, atatia saruji usiku, na mtakayemlaumu ni fundi. Ongezeni sharti kwamba angalau mafundi 2 kwenye kila kazi wawe na cheti cha chokaa. Hapo cheti kinapata thamani, na maofisa mnaowafundisha ndio watakaoandika hayo masharti, kwa hiyo zoezi lao la mwisho liwe kuandika zabuni kamili ya nyumba waliyoichora.

Jambo la pili ni matengenezo madogo. Kazi nyingi za mji wa kale si ukarabati mkubwa. Ni kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika, kung'oa mche uliojiotea ukutani ukiwa bado wa kidole, kupaka chokaa nyeupe kila mwaka au miwili. Wafundisheni wahitimu kuuza huduma hiyo kwa wenye nyumba, kwa bei ya msimu. Familia isiyoweza kulipia plasta nzima inaweza kulipia siku moja ya fundi kabla ya mvua.

Na fuatilieni wahitimu baada ya miezi 6 na miezi 12. Msiwaulize kama wameridhika. Ulizeni wamepiga mita ngapi za chokaa na nani alilipa, kisha mwende mkaugonge ukuta.

Tanuri_na_Mwiko

Makadirio, kwa mita 100 za mraba za ukuta, lipu ya milimita 20 kwa jumla. Ujazo ni mita 2 za ujazo. Rojo linaingia kwenye nafasi za mchanga na haliongezi ujazo, kwa hiyo mchanga ni hizo hizo 2 na rojo ni theluthi yake, kama 0.67. Ongeza asilimia 20 ya kumwagika na mashimo ya ukuta: mchanga 2.4, rojo 0.8, ambalo ni lita 800. Chokaa safi ya tanuri kilo 400 ingetoa hizo lita 800, lakini tanuri za kienyeji huacha mawe mabichi ndani, basi nunueni kilo 500. Haya ni ya fundi anayejua. Kwa wanafunzi zidisha nusu, kwa sababu watabomoa na kurudia, na wabomoe kweli.

Shimo la urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina mita 1 linatosha kwa kundi la 12, likiwa limejengewa kuta na kufunikwa kwa mbao imara zenye kufuli. Mtoto au mbuzi akitumbukia humo hatoki salama. Juu ya rojo kuwe na kimo cha kiganja cha maji wakati wote. Kiangazi yaongezwe kila wiki. Rojo lichujwe kwa chekeche la matundu ya milimita 3 linapoingia shimoni. Likifaa kutumika, ukilikata kwa mwiko linasimama kama jibini, na mwiko unatoka bila punje.

Kuhusu ratiba: mkitaka kundi la kwanza lianze Julai, baada ya masika, chokaa ikae shimoni kufikia mwanzoni mwa Aprili, na shimo liwe na paa la bati kabla mvua hazijakolea.